Mlima Wenye Swichi ya Taa

Acheni kwanza nicheke mwenyewe, maana mkianza nyinyi sitapata nafasi. Aibu hii ninayo tangu kipupwe cha mwaka juzi, na mpaka leo nikipanda Newala kuna watu wananisalimia huku wanajikung'uta mabega, kama wanajipangusa theluji, halafu wanaangua kicheko kabla sijajibu salamu.

Mimi ni fundi baiskeli, nipo Chiungutwa, na kitu kirefu nilichowahi kupanda maishani ni mkorosho. Ile milima ya mawe ya Masasi naiona kila nikienda kununua spoku na sijaweka mguu hata kwenye mmoja (nikiwa juu ya kitu chochote magoti yanalegea, ni ugonjwa wa ukoo wetu, baba yangu alikuwa anaogopa hata stuli). Sasa siku moja nikaenda kupiga picha ya pasipoti huko huko Masasi kwa rafiki yangu Dulla, ambaye studio ile ameirithi kwa baba yake, na mle ndani kuna ukuta umechorwa mlima wa theluji, mlima wa haja, na pembeni limetundikwa koti nene la baridi la mtumba kwa ajili ya wateja. Dulla akasema, "Vaa nikupige moja ya maana, hii zawadi." Nikavaa. Akanibandika na pamba mabegani. Jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, naye anapiga kelele, "Sogea kushoto, sogea, uzibe swichi!" kwa sababu kwenye ule mlima, chini kidogo ya kilele, kuna swichi ya taa.

Picha ikatoka nzuri, nikaiweka stetasi, na mpaka hapo sikuwa nimemkosea mtu. Tatizo likaja kwa Somoe. Somoe ni binti wa kijiji kimoja kilichokaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Newala, ukipita Mkunya, na nilikuwa nimempenda mpaka siku moja nikamfungia mteja gurudumu la mbele nyuma. Akaniandikia, "He! Mlima huo ulipanda lini?" Ningejibu "kwa Dulla" tungecheka yakaisha. Mimi nikaandika, "Zamani kidogo."

Maneno mawili tu, jamani!

Wakati huo posa yangu ilikuwa imeshapelekwa, na kwa watu wa huku mnajua mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wake Somoe, Mjomba Issa, ndugu yake mama yake, kazi yake msimu wa baridi ni kuwashusha wageni kwa miguu kutoka juu ukingoni mpaka bondeni upande wa Mto Ruvuma, wale wageni wanaopenda kuteseka kwa hiari yao. Mshenga akarudi na ujumbe: jibu lipo, ila bwana harusi aje mwenyewe aonekane, na aje na koti lake la theluji.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Nikaenda kuazima koti.

Nikafika Jumamosi mchana, ukungu umelala mpaka kwenye madirisha, upepo unapenya mpaka kwenye mifupa, na nakiri kwamba koti lilinifaa. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa theluji?" Nikasema ndiye. Tukala ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, nikaulizwa swali, nikajibu, jibu likazaa swali lingine, na kufika alasiri nilikuwa nimeshazama kwenye theluji mpaka kifuani na kumwokoa mtu mmoja (sijui alitoka wapi, alijitokeza tu wakati naongea). Mama Somoe alikuwa anapita na sahani. Aliomba simu ya binti yake, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akairudisha. Nikajua nimemfurahisha.

Kesho yake asubuhi wakaja wageni watano kutoka Dar, wana fimbo za kutembelea na miwani ya jua kwenye ukungu. Mjomba Issa akawaambia mbele yangu, "Leo mna bahati. Huyu mkwe wetu amepanda milima ya theluji, atatangulia yeye. Mimi nimezoea haka kamteremko ketu tu."

Nikatangulia, mjomba akafunga msafara. Mwanzoni ilikuwa rahisi, kwa sababu ukungu ulificha kila kitu, nikawa natembea kama naenda dukani. Dada mmoja nyuma yangu akauliza, "Kaka, kule juu hewa ikiwa kidogo mnafanyaje?" Nikamjibu, "Tunapumua kwa zamu." Akaandika kwenye simu yake.

Halafu ukungu ukaondoka. Ukaondoka wote kwa mara moja, na pale ambapo nilidhani kuna vichaka palikuwa hapana kitu, ni bonde limefunguka kule chini, miti midogo kama mboga shambani, na mimi nimesimama kwenye njia ya upana wa miguu miwili. Nikakaa chini, nikashika mizizi kwa mikono yote miwili, nikafumba macho. Wageni wakadhani ndiyo mbinu yenyewe, nao wakakaa chini mstari mzima, wakashika mizizi.

Sasa wiki ile bomba la kijiji lilikuwa halitoi maji, kwa hiyo akina mama walikuwa wanachota kwenye chemchemi iliyo katikati ya mteremko huo huo. Nikasikia kandambili zinapanda. Nikafungua jicho moja. Wanakuja akina mama sita hivi, ndoo kichwani, wanaongea habari zao, hakuna hata mmoja aliyeshika kitu, na wa mbele ni Mama Somoe.

Mnaijua adabu ya mkwe. Hukai chini mama mkwe wako akipita, tena na mzigo kichwani. Unanyanyuka, unatoka njiani, unainamisha macho. Nililelewa hivyo na mwili ukafanya wenyewe kabla akili haijaulizwa: nikanyanyuka, nikasema "Shikamoo, mama," nikainamisha macho, nikatoka njiani. Nikatokea upande wa bondeni.

Sikwenda mbali, namshukuru Mungu. Niliteleza kwa makalio hadi kwenye kichaka cha miiba, nikanasa pale, miguu inaning'inia, na lile koti likachanika mgongo mzima. Kumbe ndani limejaa manyoya ya bata. Upepo wa bondeni unapanda juu, si mnajua, basi ukayazoa yote, yakaruka, yakajaa njiani, yakatua kwenye ndoo za watu, kwenye miwani ya wageni, kwenye kofia ya mjomba, meupe, taratibu, mengi ajabu. Yule dada wa Dar akapiga kelele, "Theluji!" Akina mama wakatua ndoo ili wacheke vizuri.

Mama Somoe hakucheka. Alivua kitenge cha begani, Mjomba Issa akanirushia ncha yake, wakanivuta. "Umeumia, baba?" akaniuliza. Lile neno baba lilinimaliza. Nikaona nimemdanganya mtu aliyenivuta kwa nguo yake, nikaona Somoe ananiponyoka, na nikaogopa kumkosa kuliko nilivyoogopa lile bonde. Nikasema pale pale, mbele ya wote, manyoya mdomoni: "Mama, mjomba, sijawahi kupanda mlima wowote. Ule ni ukuta wa studio, pale Masasi. Na koti si langu."

Mjomba Issa akageuka, akawashusha wageni. Mimi nikapanda nyuma ya ndoo, kwa mikono na magoti.

Aliporudi mchana akaketi barazani, uso umekaza. Somoe amesimama mlangoni, anauma ncha ya kanga, na sikuweza kumtazama. "Kijana," akasema mjomba, "mimi mtu akinidanganya siwezi kumkabidhi mtoto wa dada yangu." Nikasema ni haki yake. Nikainuka nikatafute gari la kurudi.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Somoe. Akaingia ndani, akatoka na albamu ya zamani, akaifungua magotini kwa kaka yake. Msichana mwembamba, kambeba mtoto mchanga, nyuma yake mlima wa theluji, na juu ya bega lake, wazi kabisa, swichi ya taa.

"Mlima huo hata mimi nimeupanda," akasema. "Somoe aliumwa sana, nikampeleka hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, akapona. Kwa furaha nikapita studio. Niliporudi nikawaambia watu nimefika Ulaya."

Mjomba Issa akaisogeza ile picha machoni, akaisogeza mbali, akairudisha tena. "Lakini mimi niliamini!" akasema. "Niliwatangazia watu msikitini!"

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba akatoa unyoya mmoja kwenye kofia, akaupuliza. "Basi," akasema, "kama mwongo mmoja wa mlima huu nimekaa naye miaka yote hii bila kujua, wa pili atanishinda nini? Ila maji ya nyumba hii utachota wewe, mpaka bomba litengemae."

Bomba lilichukua wiki tatu. Nilikuwa nashuka kwa makalio kila asubuhi, watoto wakija kutazama, na Dulla nilimlipia koti lake. Siku hizi mtu akiniuliza kitu nilifanya lini, namtajia siku na mahali, hata kama hajataka kujua. Picha ya harusi tulipiga studio kwa Dulla, mama mkwe katikati, mjomba pembeni, na Dulla alipopiga kelele nisogee kushoto nizibe swichi, nilisogea kulia.