Bia Yangu Kwenye Ndoo ya Akina Mama

Kuna watu hapa Kwamndolwa ambao hadi leo wakikutana nami njiani hukohoa kidogo kwanza, kile kikohozi cha mtu anayebana kicheko, na mimi najua wanachokumbuka, na kwa kuwa kila anayekisimulia kisa chenyewe anakiongezea chumvi (nimeshasikia kwamba ustadhi alikunywa vikombe viwili, jambo ambalo si kweli hata kidogo), nimeona heri nikisimulie mwenyewe, niaibike kwa kiasi ninachostahili na si zaidi.

Mimi napika bia. Siuzi, najifurahisha tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anaishi Ujerumani, kila akija likizo huniletea maboksi ya kupikia bia nyumbani, na ndani ya boksi mna kopo la shira nzito ya shayiri, kipakiti cha hamira, majani makavu machungu, na karatasi ya maelekezo ambayo mimi, mtu mwenye shahada mbili, huisoma na kalamu mkononi kama nasahihisha mtihani. Kwetu Bungu bibi yangu alipika pombe ya miwa bila karatasi yoyote, akionja kwa ncha ya kidole, na watu walitoka mbali kuifuata. Bia yangu ya kwanza ilikuwa na ladha ya maji yaliyolowekewa mkate. Ya pili mke wangu aliionja, akafikiri, akasema, "Inanyweka," na kwa neno hilo moja nikajiona fundi.

Boksi la tatu ndilo lililoniponza. Karatasi ilidai chombo safi cha plastiki, kikubwa, kisichowahi kutiwa mafuta, chenye mfuniko unaobana, na ndoo yangu ilikuwa imepasuka. Sasa, stoo yangu ina sakafu ya saruji na mlango wa chuma, kwa hiyo kikundi cha akina mama cha mtaa wetu huhifadhi humo vyombo vyake vya shughuli: sufuria za pilau, sahani, vikombe, na ndoo nne kubwa nyeupe zenye mifuniko. Ukitokea msiba au harusi au maulidi, vyombo hutoka kwangu, vikimaliza kazi hurudi vikiwa vimeoshwa. Mtaa wetu nusu ni Wazigua wenye asili ya Handeni, Waislamu, na nusu ni sisi Wakristo tulioshuka milimani, na vyombo ni vya wote. Ndiyo maana havitiwi kitu ambacho nusu ya wenyewe hawali wala hawanywi. Hilo halijaandikwa popote. Halikuhitaji kuandikwa, mpaka nilipotokea mimi.

Nikajiambia: ndoo moja, siku kumi, nitaisugua vizuri, nani atajua? Nikaichukua. Nikatoboa na mfuniko kwa msumari wa moto, nikapitisha mrija wa kutolea hewa, ncha yake nikaizamisha kwenye chupa ya maji, kama karatasi ilivyoagiza.

Siku ya tatu akaja Bi Zuhura. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima, mjane, aliyenikabidhi vyombo vile kwa maneno haya: "Nakupa wewe, Baba Neema, kwa sababu huna mambo mengi." Alikuja kuhesabu vyombo, maana kesho yake, Jumamosi, alikuwa na akika ya mjukuu wake. Akahesabu sufuria, akahesabu ndoo, akafika kwenye ya nne, iliyokuwa ikitoa sauti yake ndogo kwenye chupa, blup, blup.

"Hii inasema nini?" akauliza.

Hapo ndipo mtu mwenye shahada mbili alipotakiwa kusema ukweli. Nikasema, "Ni togwa, mama."

"Togwa yenye mrija?"

"Ya kisasa."

Akainama, akanusa, na kwa bahati mbaya shayiri changa inanukia vizuri, kama kimea chochote. Uso wake ukachanua. Akaniambia kwamba kaka yake, Mzee Mhando, anakuja kutoka Handeni, na kwamba huyo kaka, tangu mume wake Bi Zuhura alipofariki, anamtaka dada yake arudi kwao, anasema haiwezekani mtu mzima akae peke yake katikati ya watu ambao si wa kwake, na kesho anakuja kula akika na kutoa uamuzi. "Nimemwambia majirani zangu ndio ndugu zangu," akasema. "Na yeye kwa togwa humwambii kitu. Akisikia umempikia wewe, Msambaa, hataongea tena."

"Haijaiva vizuri, mama."

"Togwa ikiiva sana si inakuwa pombe, mwanangu? Tunaichukua kesho hivyo hivyo."

Ningeweza kukiri palepale. Aibu yake ingekuwa ya watu wawili. Badala yake nikamweleza mke wangu mpango: asubuhi na mapema nitapanda pikipiki niende Mazinde, kuna mama ninayemfahamu anatengeneza togwa ya uhakika, nitajaza dumu, nitarudi, nitabadilisha, saa nne kila kitu kitakuwa sawa. "Na wewe ndiye unayeandika makala za kuwashauri watu," mke wangu akasema.

Togwa niliipata. Kilichonishinda ni tairi la nyuma, ambalo liliishiwa upepo nikiwa narudi, katikati ya mkonge, mkonge huku na mkonge kule, nikasukuma pikipiki na dumu lake hadi nilipompata fundi, na nilipoingia nyumbani ilikuwa saa sita imepita. Stoo wazi. Ndoo zote nne hakuna.

"Wamekuja kuchukua," mke wangu akasema. "Si ulisema saa nne utakuwa umeshabadilisha? Nilidhani uliingia nikiwa sokoni."

Nikatoka mbio na dumu mkononi. Uwanjani kwa Bi Zuhura dua ilikuwa imekwisha, wanaume wamekaa kwenye mikeka, pilau inanukia, na sinia la vikombe lilikuwa limeshawekwa mbele ya wazee. Kwa heshima hakuna aliyeonja kabla ya mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa, mzee mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa ameshakishika chake na anakipandisha mdomoni.

Sikuwa na akili yoyote wakati ule, mdomo ulijifanyia kazi wenyewe. "Shikamoo, mzee."

Kikombe kikasimama. "Marahaba."

"Za Handeni?"

"Nzuri." Kikombe kikaanza tena safari.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Kikashuka, maana mzee mwenye adabu hamjibu mtu huku ananywa. Basi nikaelewa kwamba nikiendelea kusalimu hanywi, nikaendelea, nikauliza mahindi, nikauliza mvua, nikauliza mbuzi na afya ya mbuzi, nikauliza hali ya barabara, nikamuuliza tena watoto (wakawa bado hawajambo), na watu wote uwanjani wakageuka kunitazama, nimelowa jasho, nina vumbi la Mazinde mpaka kwenye nyusi, nimekumbatia dumu.

"Kijana," Mzee Mhando akasema hatimaye (nina miaka hamsini na mbili), "una shida gani?"

Maswali yalikuwa yameniishia. "Mzee, hiyo si togwa. Ni bia. Nimeipika mimi, nikamdanganya mama hapa. Hana habari. Togwa ni hii."

Sikumtazama Bi Zuhura, lakini nilimsikia akivuta pumzi. Ustadhi aliyeongoza dua akakirudisha kikombe chake kwenye sinia kwa vidole viwili. Kisha sauti ya Bi Zuhura ikaja, ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Itoe."

Nikaitoa. Walikuwa wameuchomoa mrija na kuliziba tundu la mfuniko, ndoo ikatikiswa ilipobebwa, na nilipoinyanyua mbele ya watu wote mfuniko ukaachia, povu likapanda na kunishukia shati, suruali, viatu, na nikapita katikati ya mikeka nikitoa harufu ya baa mchana wa akika, huku mama mmoja jikoni akisema, "Togwa ya kisasa hiyo," na wenzake wakijificha kwenye kanga. Nikaimwaga yote shimoni. Nikarudi, nikaomba vikombe, nikavisuuza bombani kimoja kimoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kunyanyua uso nilikuwa siwezi.

Mzee Mhando akaja kusimama kando yangu na kikombe cha togwa ya Mazinde. Akanywa, akanitazama nikisuuza, kisha akamwita dada yake. "Mwongo wako huyu hajui kuumaliza uongo," akamwambia. "Unaujua uongo wake hata kabla chakula hakijaliwa. Kaa naye tu, kule kwetu wapo wanaoumaliza, usiujue kamwe."

Bi Zuhura hakucheka. Lakini hakuhama.

Ndoo ile haikurudi kwenye vyombo. Nililipa nyingine, na siku akina mama walipoileta, baada ya wiki mbili ambazo salamu yangu ilijibiwa kwa neno moja tu, Bi Zuhura alikuja na kufuli. Akalifunga kwenye mlango wa stoo, pembeni ya langu. Tangu siku hiyo stoo yangu haifunguki mpaka tuwepo wawili. Bado napika bia, nikiwa na ndoo yangu niliyoiandika BIA kwa rangi pande zote, hata chini, na nimeapa kwamba mtu akiniuliza kuna nini ndani nitamsomea ilivyoandikwa. Lakini jembe langu, reki yangu, hata baiskeli yangu, viko mle ndani, na kila nikivihitaji navuka kwenda mlango wa pili kuomba ufunguo.

"Jembe la kufanyia nini?" huuliza, akiwa amekaa kibarazani.

Nami humweleza: mchicha, tuta la nyuma, karibu na ukuta. Yeye husikiliza mpaka mwisho, hunitazama machoni kwa muda, kisha hufungua fundo la kanga na kunipa.