Kuhesabu Wanaorudi Mtoni

Fomu ya kuomba ruzuku ya kukarabati daraja ina kurasa kumi na nne, na mimi Celestine nimeijaza mara tano kwa ajili ya mwanamke mmoja. Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Ndhiwa. Watu huja kwangu kutafuta cheti cha tabia njema, matokeo ya mitihani, mambo ya kodi. Phelesia huja na daraja. Kila Jumanne hufika na bahasha yake ya kaki kwapani, huketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na kabla sijamsalimia anauliza.

"Celestine, wamejibu?"

"Bado, Dani."

"Basi tuandike ingine."

Dani, yaani bibi, alikuwa karani wa shule ya msingi miaka thelathini, na hakuna kitu kinachonichosha kama kumchapia kazi mtu anayejua kuchapa kuliko mimi. Anasimama nyuma yangu akinihesabia nafasi kati ya mistari. Kuna siku nilimwambia aketi achape mwenyewe. Aliketi, akachapa, na hakukosea hata herufi moja. Tangu siku hiyo nimefunga mdomo.

Daraja lenyewe lina hadithi ambayo haimo kwenye fomu. Mume wake, Job, alikuwa na wake wawili. Phelesia, mke mkubwa, ambaye kwetu tunamwita mikayi, alijengewa upande huu wa mto, kaunti ya Homa Bay. Mke wa pili, Monicah, alijengewa ng'ambo, Migori, kwenye shamba ambalo Job alinunua baadaye. Job akalaza magogo mawili ya mkaratusi juu ya maji ili atoke kwenye chakula cha huku awahi cha kule. Nawaambia ukweli, daraja letu lilianza kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyependa kula mara mbili. Majirani wakaanza kulipitia, kisha watoto wa shule, kisha akina mama waendao sokoni, hadi serikali ikaja ikaweka vyuma na mbao na bango.

Miaka ishirini wale wake wenza, nyieka kwa lugha yetu, hawakupikika chungu kimoja. Job akafa. Matanga yakaisha, mahema yakang'olewa, watoto wakarudi Nairobi na Nakuru, na Phelesia akabaki na boma tupu. Wiki ya pili, saa kumi jioni, Monicah akavuka daraja na chupa ya chai. Hakusema amefuata nini. Kesho yake akaja tena. Akaja miaka kumi na mmoja, kila jioni, wakae wanywe chai na kumsengenya marehemu, ambaye kila mmoja alikuwa na kesi zake naye.

Lakini sikilizeni jambo hili moja. Aliyevuka siku zote ni Monicah. Phelesia hakuwahi kukanyaga kwa mwenzake, hata siku moja. Alilelewa akijua kwamba mdogo ndiye huja kwa mkubwa, na mikayi haendi kuomba kiti kwa mke wa pili. Wengine siku hizi hawajali mambo hayo. Yeye aliyashika kama alivyoshika funguo za ofisi ya mwalimu mkuu.

Mvua za Mei mwaka jana zilibeba daraja. Vilibaki vyuma viwili vimepinda kama vijiko. Nyonga ya Monicah ilivunjika zamani ikatiwa chuma. Anatembea na mkongojo, lakini kupanda pikipiki hawezi, hawezi kabisa. Simu pia haisaidii, kwa sababu masikio yake yamekwisha. Kuzungumza naye lazima ukae mbele yake aone midomo yako. Basi saa kumi kila siku wanatoka, huyu huku, yule kule, wanapungiana mikono juu ya maji ya matope, kisha kila mmoja anarudi kwake kunywa chai peke yake.

Nilimwuliza mara moja, "Dani, si Caleb mwenye boda akuzungushe? Kwa barabara kubwa ni kama saa moja tu."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mikayi abebwe na pikipiki apelekwe kwa nyieka wake? Daraja ikitengenezwa, atakuja."

Ndiyo maana ya barua zote zile. Huyu mama hakuwa akiomba daraja ili avuke. Aliomba daraja ili avukiwe.

Na daraja lililo mpakani lina maneno. Ofisi ya upande huu ilisema, kwa heshima, kwamba nusu si yake. Ya upande wa pili ikasema hivyo hivyo. Hawakudanganya, mto ndio mpaka. Mwishowe mtu akatuelekeza kwenye ruzuku ya serikali kuu ya madaraja madogo, ambayo inataka barua kutoka kaunti zote mbili, makadirio ya mhandisi, picha, na kumbukumbu za mkutano zenye sahihi. Phelesia alivipata vyote, isipokuwa kimoja. Kulikuwa na sehemu ya idadi ya watu wanaotumia daraja kwa siku. Mhandisi alikuwa amefika, akasimama mtoni nusu saa, akaandika: hakuna.

"Watapita aje na imeanguka?" Phelesia aliuliza skrini yangu.

Nilimpigia yule mhandisi mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tukae mtoni siku saba, alfajiri hadi jioni, kila ukingo uwe na mtu wake, tuandike kila anayefika akitaka kuvuka akalazimika kurudi. Upande wa Migori Phelesia hakutaka mtu mwingine. Caleb, mwendesha boda wetu, alizunguka na barua na daftari jipya hadi kwa Monicah, na jibu likarudi kwamba yuko tayari.

Siku hizo saba nilipita pale mara mbili. Phelesia alikuwa kwenye kigoda chake, mwavuli begani, akichora vijiti vitano vitano. Ng'ambo, Monicah kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeinama juu ya daftari. Mwendo wa mtu kurusha jiwe, na hakuna neno lililoweza kuvuka. Roho iliniuma, sitaficha.

Siku ya nane Caleb alileta daftari la Monicah hadi saiba, na Phelesia akanikabidhi lake. Lake lilikuwa safi: jumla kila siku, mstari chini, na jumla ya wiki, mia mbili na kumi na wawili. La Monicah halikuwa na vijiti wala jumla. Aliandika majina.

"Nilijua," Phelesia alisema. "Huyo hahesabu watu. Mama yake alimkataza, ati ukihesabu watu utawapunguza. Sasa serikali itafanya nini na majina?"

"Tutahesabu sisi, Dani. Nisomee."

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya karani: Werema, anapelekea ng'ombe dawa, amerudi. Rael na mtoto, kliniki, wamerudi. Nyabuto, sokoni, amerudi. Tulikwenda hivyo kurasa mbili, mimi nikichapa. Halafu akaacha kusoma. Akafunua nyuma, akafunua mbele, akarudi nyuma tena. Nikainuka nikaangalia.

Kila siku, jina la mwisho, saa kumi jioni, kwa mwandiko ule ule wa kujikaza: Monicah, anakwenda kwa mikayi, amerudi. Siku saba, mara saba.

Mimi nikiguswa huwa nasema upuuzi. Nikamwuliza, "Na wewe Dani, hukujiandika?"

"Nijiandike nilikuwa naenda wapi?"

Alilisema haraka. Kisha akalisikia. Nilimwona akilisikia. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la leso muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji, akaniambia nimalize kuchapa, nisibadilishe neno hata moja, niambatishe majina yote kama yalivyo. Nilipotuma, hakuniuliza watajibu lini.

"Caleb bado yuko hapo nje?"

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alipanda ile pikipiki ubavu, mkoba mapajani, akashuka kwenye boma la Monicah saa kumi na dakika chache. Hakukuwa na mtu nyumbani. Lynnet, mkaza mwana wa Monicah anayekaa naye, alisikika zizini. Phelesia akafuata njia ya kushuka mtoni, njia ambayo hakuwahi kuikanyaga, akamkuta Monicah kwenye kiti chake cha plastiki, amempa mgongo, anaangalia ng'ambo.

Akasimama nyuma yake na kutazama kule alikokuwa akitazama. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba yake kutoka huko. Mlango umefungwa. Hakuna moshi. Kigoda kimoja ukingoni, na hakuna mtu juu yake. Aliniambia, "Celestine, ni nyumba ndogo sana ile."

Monicah alihisi mtu nyuma yake. Hakugeuka.

"Lynnet," alisema, "leo mikayi hajatoka. Sijui kama anaumwa. Hebu mpigie."

Akanyoosha simu nyuma, juu ya bega lake.

Phelesia akaipokea. Alikaa nayo mkononi, akiutazama mlango wake ng'ambo. Kisha akazunguka, taratibu kwa sababu ya utelezi, akachuchumaa mbele ya kile kiti, mahali ambapo midomo yake ingeonekana.