Tawi Lililobaki Lundo

Mdogo wangu alinifundisha Git, mfumo wa kompyuta wa kutunza kila badiliko la maandishi, nikiwa nimekasirika, na sikumbuki kitu chochote alichowahi kunifundisha nikiwa sijakasirika. Tulikuwa sebuleni kwangu, Mbinga mjini, mvua inapiga bati mpaka inabidi tupaze sauti. Tulikuwa tumeanza kukusanya kamusi ya Kimatengo, lugha ya mama yetu. Mimi niliandika huku juu, yeye aliandika kule ziwani, Lundo, alikokuwa anafundisha shule na kuishi na mama. Mafaili tulitumiana kwa simu. Mimi nasahihisha hili, yeye anasahihisha lile, mwisho wa yote tuna faili linaloitwa "kamusi ya mwisho" na jingine "ya mwisho kweli", na hakuna ajuaye lipi lina nini. Nikamwambia basi, kamusi ife, mimi nina kazi za kufanya. Akacheka. "Dada, wewe kiberiti unatembea nacho mfukoni," akasema, akafungua kompyuta yake.

Akanieleza kwa mfano wa kanisani, maana alijua ndiko ninakoelewa upesi. Daftari la ubatizo la parokia ni moja. Likiungua, ubatizo wa watu wote umeungua. Huu mfumo si hivyo, akasema. Hapa kila mmoja wetu ana ghala zima kwenye kompyuta yake, pamoja na historia yake yote: nani aliongeza neno lipi, nani alilifuta, na kwa sababu gani. Kila ukihifadhi hatua unaandika maelezo mafupi. Ukitaka kujaribu jambo bila kuvuruga kazi ya mwenzio, unafungua tawi, unafanya mambo yako humo, likikomaa unaliunganisha na shina. Halafu unasukuma hatua zako kwenye ghala la pamoja mtandaoni, na mwenzio anazivuta.

"Kwa hiyo haiwezi kupotea?" nikamuuliza.

"Yako ikiibiwa, yangu ipo. Yangu ikizama ziwani, yako ipo."

Nilichukua maneno hayo kama yalivyo, sikuuliza zaidi. Mvua ilikuwa imepungua na nilikuwa na maharage jikoni.

Amri za kuandika zilinitoa jasho, kwa hiyo akaniwekea programu ya kuchungulia ghala. Hiyo niliipenda, sitadanganya. Inachora mistari ya rangi ikipanda na kuachana na kukutana, na kila kidoti ni hatua moja tuliyohifadhi. Ukigusa kidoti unasoma maelezo yake. Ukigusa mstari wa kamusi unaambiwa nani aliuandika na lini. Asubuhi kabla ya kwenda ofisini nilikuwa nakunywa chai nikisoma vidoti vya mdogo wangu. "Nimeondoa upuuzi wa dada." Au: "Mama anasema dada amekosea, na mama ndiye mwenye lugha." Namjibu kwenye kidoti changu, naye anajibu kwenye chake. Tuligombana humo kuliko tulivyowahi kugombana uso kwa uso.

Mama alitoka Litumbandyosi akaolewa ziwani. Baba alikuwa Mnyasa, na nyumbani kulizungumzwa Kinyasa na Kiswahili. Kimatengo mama alibaki nacho peke yake miaka yote hiyo, akikitumia kukemea kuku na sisi. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, na nikirudi namjibu kwa Kiswahili hata akinisemesha kwa lugha yake, mpaka akaacha kunisemesha. Mdogo wangu alikaa. Mchana mama akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja, yeye yuko pembeni na kompyuta mapajani anamuuliza: majani haya mnayolaza kabla ya kuchimba ngolo, yale mashimo ya shamba la mlimani, yanaitwaje, yakikauka yanaitwaje, mwanamke anayelima peke yake anaimbaje. Kurekodi mama alikataa kabisa. Alisema sauti ya mtu haifai kubaki inazungumza wakati mwenyewe yuko chini. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anaandika tu, mama anasema na yeye anaandika.

Kidoti chake cha mwisho kilichonifikia, kwenye shina, kinasema hivi: "Nimefungua tawi la maneno ya mama. Ni mengi, dada, utashangaa. Mtandao wa huku unanitesa, nitalisukuma nikipanda Mbinga."

Hakupanda. Aliugua ghafla, tukamzika Lundo, ardhi ikiwa imelowa. Siku tuliyoondoka msibani mama alinishika mkono akanivuta kando ya nyumba. "Maneno yangu anayo kwenye ile kompyuta," akaniambia. "Mengine sijawahi kumwambia mtu. Usiyaache yapotee." Nikamjibu hayapotei, mama, yako kwangu pia. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Ilinichukua muda kuthubutu kufungua ile programu. Nilipoifungua nikavuta, nikavuta tena. Nikaiambia inionyeshe matawi yote, ya kwangu na ya mtandaoni. Shina lipo, tawi langu la majina ya ndege lipo. La mama halipo. Nilibofya kile kidoti cha mwisho mara nyingi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Ndipo nikaelewa nilichopaswa kuelewa siku ile ya mvua: ghala langu ni zima kwa kile alichonipa tu. Ambacho hakukisukuma kiko kwake, na kwake peke yake.

Basi kiko kwake, nikajifariji. Nikaomba ruhusa kazini nikateremka ziwani.

Kwetu matanga yakiisha vitu vya marehemu hugawiwa, na havigawiwi hivihivi. Nguo zinafuliwa kwanza, sufuria zinasuguliwa, hata jembe linaoshwa, ili mrithi asibebe jasho la aliyekufa. Aliyesimamia ni baba mdogo, mtu makini, asiyeacha jambo nusu. Nilimkuta anashona wavu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Za mlimani?"

"Nzuri. Baba, ile kompyuta ya marehemu iko wapi?"

"Tumempa binamu yako wa Liparamba, yeye naye ni mwalimu, itamfaa." Akaweka wavu chini. "Na hatukumpa na uchafu. Nguo tulifua wenyewe, lakini ile niliipeleka Mbamba Bay kwa fundi aisafishe ndani. Imetoka kama mpya, haina hata alama ya mtu."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyemtendea wema mtoto wa kaka yake. Mimi ninayegombana na kila mtu, ninayegombana hata na mashine ya kusaga unga, nilisimama pale nikakosa hasira. Ningemkasirikia kwa lipi? Nilimwambia ahsante baba. Nikakaa kwenye gogo.

Binamu yangu aliirudisha kompyuta bila neno. Fundi wa Mbamba Bay ni mzee mpole, wazazi wake walitoka pwani, duka lake limejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Nilimweleza. Akatoa programu ya kufukua vilivyofutwa, akaiacha ifanye kazi, akaniagizia chai. Zikatoka picha: harusi ya mtu, wanafunzi kwenye mstari, mama akiwa ameficha uso kwa kanga asipigwe picha. Basi. Akanieleza polepole kwamba alikuwa ameweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani, na kwamba Git haihifadhi maneno kama maneno. Inayabana na kuyapa majina ya herufi na tarakimu, kwa hiyo hata kipande kikifukuliwa ni unga tu, hujui ni wa mahindi gani.

"Nisamehe dada," akasema. "Nilimuuliza mzee aliyeileta kama kuna vya kuhifadhi. Akaniambia mwenye navyo ameshalala."

Nilimwambia hana kosa. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililonichosha zaidi ya yote. Mtu akiwa na kosa walau unamfokea.

Mama alikuwa kwenye chanja. Nilikaa pembeni yake, nikafungua kompyuta yangu mapajani, nikamweleza yote: tawi, kusukuma, fundi. Sijui alielewa kiasi gani. Aliendelea kugeuza usipa. Nikamwambia tutaanza upya, mama, mimi na wewe, nimefungua tawi jingine, wewe sema tu mimi niandike. Nikamwonyesha majani yaliyoota kando ya uzio nikamuuliza kwa Kimatengo changu cha kuokoteza yanaitwaje.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Ni majani tu."

"Kwa Kimatengo, mama."

Akageuza safu nzima ya usipa. Nilifikiri anakumbuka, nikaweka vidole tayari. Kisha akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mwanangu, hayo nilishayatoa," akasema. "Mtu hamzai mtoto yuleyule mara mbili."

Akainama tena kwenye usipa. Mimi nilibaki na kompyuta mapajani, tawi liko wazi na halina kitu ndani, na sikujua niondoke au nimsaidie kugeuza.