Kiganja cha Papa

Mgeni alikuja shuleni kututangazia kwamba kazi ya maisha imebaki moja tu: kufundisha mashine. Ualimu umekwisha, na kulima usiseme. Tukampigia makofi. Nilikuwa na swali, lakini mimi na maswali mbele ya watu hatupatani: mashine ikishajua, mwalimu wake anakwenda wapi?

Jibu nililikuta nyumbani. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa ameipata kazi hiyo yenye baraka. Koperative, ushirika wa wakulima wa mpunga hapa Bugarama, ilimtaka aifundishe simu kazi ya Papa, baba yetu.

Papa anafanya kazi kwa meno. Mkulima akileta mpunga, Papa anachota kidogo na kuuma punje moja. Ikikatika vizuri, mpunga umekauka, na anamwonyesha mwenye mpunga zilizobaki kiganjani. Ikibonyea, ni mbichi: anazimwaga zote kwenye shitingi, turubai la kuanikia, bila neno. Yaya akawa anapiga picha. Kavu, kiganjani. Mbichi, kwenye shitingi.

"Iyi mashini iko na meno?" Papa aliuliza.

"Hapana, Papa. Iko na akili."

"Basi, maskini, itakula na nini?"

Mkubwa wa koperative alisema simu ikifaulu Ijumaa, Mzee atapumzika. Kupumzika, kwa lugha ya wakubwa, ni kufukuzwa huku unashukuriwa.

Alhamisi nilimwomba Papa akinge mkono, nikamwekea mpunga niliouloweka mwenyewe. Simu ya Yaya ikasema: kavu. Nikamwaga mpunga mkavu kwenye shitingi. Simu: mbichi. Wiki tatu za masomo, na mwanafunzi alikuwa amejifunza mkono wa baba yangu.

Nilipaswa kumwambia Yaya, sikumwambia. Ningeweza kusingizia aibu yangu, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi: Papa asingepumzishwa.

Ijumaa wakulima wakamwaga mpunga kwenye shitingi, na simu ikakataa magunia yote.

"Mupunga yangu iko bichi?" mama mmoja alisema. "Nimeianika mpaka miye mwenyewe nimekauka."

Mkubwa akamwita Papa ashike kidogo kiganjani, simu ikapiga picha. Kavu. Gunia la pili, kavu. La tatu lilikuwa linatona maji, nalo kavu. Papa akauma punje yake, akatema.

"Iyi ni uji," alisema, na watu wakacheka hata mkubwa akacheka. Papa akabaki kazini. Yaya hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua?" aliniuliza nyumbani.

"Haukuniuliza."

Siku ya tatu akaja na simu. Koperative imempa nafasi nyingine, na safari hii anataka mikono mingi, yenye mpunga mkavu na mbichi, ili simu isizoee mmoja.

"Leta mukono."

Nikafikiria kukataa. Lakini Yaya naye atapumzishwa asipofaulu. Nikanyoosha mkono. Papa alikuwa pembeni anauma punje zake, hakugeuka. Mimi ni mwalimu sasa. Yule mgeni wa shuleni angefurahi.