Fundi rangi asiyeamini vichwa vya wateja wake

Saa mbili na nusu asubuhi, Stoyanka Gencheva amepiga magoti sebuleni kwa Mwalimu Rayna Minkova, ghorofa ya nne, mjini Gabrovo. Ndoo za rangi hazijafunguliwa. Fundi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na saba anabandika magazeti sakafuni, moja baada ya jingine, hadi yanapata umbo na ukubwa wa kochi la kona.

"Haya Mwalimu, hebu nenda jikoni."

Mwalimu Rayna, aliyefundisha hisabati miaka thelathini na minane, anaanza safari. Hatua ya tatu anakanyaga gazeti.

"Umeshapanda kochi na viatu!"

"Sasa nipite wapi, Stoyanka? Ukutani kama mjusi?"

"Hilo ndilo swali langu. Na ukishalinunua, dukani halirudi."

Duka linauza kochi hilo kwa nusu bei hadi Jumamosi, na mtu wa Gabrovo akisikia nusu bei hata mafua humwisha. Lakini magazeti hayasemi uongo. Paka wa Mwalimu ameshajilaza kwenye kona ya magazeti hayo. Mkia anao mzima, ingawa watani husema watu wa mji huu huwakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoroke.

"Mwenye nafasi hapa ni huyo peke yake," anasema Stoyanka. "Kaa na magazeti haya wiki moja. Ukiacha kuyatukana, nenda kanunue."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Rangi haipaki ukutani kabla hajaipaka kwenye kadibodi, ikaning'inizwa siku tatu, mwenye nyumba akaiangalia jua likiwaka na taa ikiwaka. Kwenye mfuko wa zana ana ufito wa kupimia, aliouchonga kwa upana wa kona ya ngazi za majengo haya. Fanicha isiyopita kwenye ufito haipandi.

"Kuna familia walinidharau," anakumbuka. "Kabati likakwama ghorofa ya pili siku mbili. Majirani wakaanza kuwekamo viatu."

Analipwa leva mia moja, fedha ya huko, kwa siku ya kupaka rangi. Siku ya magazeti hapati kitu, kwani hakuna mtu katika mji huu atakayelipia gazeti la juzi. Hajali. Anasema siku moja ya kutazama imemwokoa na siku nyingi za kurudia.

"Na yale magazeti ya kwako, je?" Mwalimu Rayna anauliza, akijifanya anamkuna paka. "Yapo sakafuni tangu Februari."

Stoyanka anainamia utepe wake wa kubandikia. Masikio yamegeuka mekundu.

Mtaa mzima unajua habari za magazeti hayo. Yana ukubwa wa kiti kimoja cha ngozi, cha Bwana Nedyalko Tsanev, fundi wa makufuli, mjane kama yeye. Sikukuu ya wakulima wa mizabibu, Februari hiyo, glasi ya tatu ya divai mkononi, Nedyalko alimwomba waishi pamoja. Hadi leo hajajibiwa.

Stoyanka hakuzaliwa na brashi. Alifanya kazi katika kiwanda cha sufu, kikafungwa, akajifunza kupaka rangi kwa kupaka ukuta wa jikoni kwake mara tano. Mumewe, Mityo, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu hapo sebule yake haijaguswa. Mganga hajigangi, na ukuta wake una doa jeupe pale palipokuwa na saa ya marehemu.

Nedyalko aliingia maishani mwake miaka sita iliyopita, kwa hasara.

Huko kwao kutikisa kichwa kushoto na kulia ni kukubali, na kukiinua na kukishusha ni kukataa. Mtoto wa Gabrovo hulijua hilo kabla hajaota meno. Tatizo ni kwamba Nedyalko alikuwa amerudi karibuni kutoka Ujerumani, baada ya miaka kumi na tisa. Alirudi na pensheni, kile kiti kikubwa cha ngozi, na kichwa kilichokwisha kuzoea mambo ya Wajerumani.

"Nilimwonyesha rangi ya biringanya," anasimulia Stoyanka. "Akatikisa hivi na hivi. Nikamwambia, una ujasiri, bwana. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi!"

Nedyalko akaenda pwani wiki moja. Aliporudi, sebule yote ilikuwa biringanya, dari ikiwemo.

"Alisimama mlangoni, akavua kofia, akaniuliza, 'Mama, nani kafa?'"

Kosa lilikuwa la nani, wazee wa mtaa bado wanabishana. Stoyanka alilibeba yeye. Alinunua rangi nyeupe kwa fedha zake, akapiga koti ya kwanza, ndiyo tabaka la rangi kwa lugha ya mafundi, biringanya ikachungulia. Ya pili, ikachungulia. Zilikwenda koti nne na siku tisa, na siku zote tisa Nedyalko alimpikia supu ya maharage kwa aibu.

Tangu siku hiyo Stoyanka haamini kichwa cha mtu. Mteja atamke kwa mdomo, mara tatu. Atakayetikisa, anarudia.

Saa sita kamili mlango unagongwa. Ni Nedyalko, sufuria mkononi, kitambaa begani.

"Maharage," anasema. "Mwalimu, nawe karibu."

"Nikae wapi? Kochi limejaa paka."

Wanakula wamesimama. Nedyalko anatazama magazeti sakafuni, kisha anamtazama Stoyanka. Yeye si mtu wa kusukumana, lakini miezi mitatu ni mingi.

"Basi na mimi niambie, fundi. Wiki yangu haijaisha? Kama kiti hakifai, nitakiuza."

"Nani kakwambia kiti hakifai?"

"Hujasema kinafaa."

Stoyanka anaweka bakuli dirishani. Anaogopa, na hafichi. Rangi hufunikwa na rangi, anasema, lakini mtu akishaingia ndani hana koti ya pili. Amezoea kimya cha nyumba yake. Amezoea hata lile doa la ukutani.

"Jumapili niliyaondoa yale magazeti nipige deki," anasema polepole. "Nikapita na ndoo. Pale pa kiti pamebaki patupu, na mimi nikapazunguka. Jioni tena, nikapazunguka. Nikaona nyumba imepungukiwa."

Hata paka ameinua kichwa.

"Kwa hiyo?" anauliza Nedyalko.

Stoyanka anatikisa kichwa, kushoto na kulia.

Nedyalko anakuwa mweupe kama dari. Miaka kumi na tisa ya Ujerumani inapigana na arobaini ya Gabrovo usoni pake.

"Kwa mdomo, Stoyanka! Kanuni ni yako!"

"Ndiyo."

"Mara tatu!" anapiga kelele Mwalimu Rayna.

"Ndiyo, ndiyo, jamani, ndiyo! Lakini kiti hakipiti kwenye ufito wangu. Kitaingilia dirishani, na winchi utalipa wewe."

Mipango ni Nedyalko ahamie Juni. Kabla ya hapo, sebule iliyosubiri miaka kumi na mmoja itapakwa rangi. Mwalimu Rayna anataka kujua rangi gani.

"Ghalani nina ndoo mbili ambazo hazijafunguliwa," anasema fundi. "Zimekaa miaka sita. Kutupa mali ni dhambi."

"Ndoo za nini?" anauliza Nedyalko, ingawa ameshaelewa.

"Biringanya. Ukuta mmoja tu, nyuma ya kiti chako."

Nedyalko anatikisa kichwa, kushoto na kulia, kwa muda mrefu. Safari hii hakuna anayemuuliza ana maana gani.