Mlima kwenye Cherehani

Tangu mitumba iruhusiwe, Mwajabu binti Salimu, fundi cherehani wa Kondoa mjini, hakushona tena magauni mapya. Alipunguza suruali za Wazungu zilizokuwa ndefu mno, akabadilisha zipu, siku zikaenda. Mwaka 1993 kaka yake mkubwa, Mustapha, alimtuma Dodoma.

"Kachukue yale mapicha ya marehemu," alimwambia. "Nasikia watu wanaingia kuyatazama. Ukoo mzima tutachekwa."

Marehemu alikuwa mdogo wao, Habibu, aliyeandika vibao vya maduka Kizota, hukohuko Dodoma, kwa miaka kumi mpaka kifua kikamuua. Walimzika Kondoa, wakachukua sanduku lake la nguo. Picha hawakuziulizia.

Mwajabu alishuka basi kabla ya adhuhuri, akaelekezwa nyumba alimokuwa amepanga Habibu, iliyopakana na karakana ya kuchomelea mageti. Mlangoni palikuwa na kibao: Makumbusho ya Habibu Salimu. Mwenye nyumba, Yoramu, mwalimu mstaafu wa sanaa, alikuwa akifagia.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni dada yake Habibu."

Mzee aliegemeza fagio ukutani. "Marahaba, mama. Miaka miwili nakungojeni! Karibu ndani."

Vilikuwa vyumba viwili tu. Kwenye picha za ukutani, ng'ombe waliovaa viatu walikuwa wakipanda angani kwa foleni. Samaki alikuwa amelala ndani ya mtungi mkavu. Yoramu alieleza kwamba Ulaya wapo wachoraji wa namna hiyo, wanaochora mambo kama yajavyo ndotoni, na kwamba Habibu alianza kabla hajasikia habari zao. Mwajabu aliitikia tu kwa adabu, huku akihesabu moyoni magunia ya kufungia.

Kwenye chumba cha pili alisimama. Mlima mwekundu ulikuwa umechanikachanika kwa makorongo, na mwanamke mmoja amepitisha ukingo wake chini ya sindano ya cherehani, anaushona. Chini yake kikaratasi kilisema: Ndoto ya Tatu.

"Hapa alikosea," Mwajabu alisema. "Gurudumu la cherehani huwa kulia. Yeye kaliweka kushoto."

"Labda alikusudia. Ndoto, mama."

Mwajabu alisogea karibu. Yule mwanamke alikuwa amemwelekea. Fundi akiwa kitini hulikuta gurudumu kulia kwake. Anayeliona kushoto ni aliyekaa mbele yake. Na mbele ya Mwajabu hakuwahi kukaa mtu mwingine kwa muda mrefu ila Habibu, mwaka ule wa sabini na tisa, serikali ilipoamuru mifugo yote iondolewe ili ardhi ipone. Kijana alibaki hana cha kuchunga. Kutwa alikaa kizingitini akimtazama dada yake anavyoshona, naye dada akimwita mvivu mbele za watu.

Alivuta ncha ya mtandio, akajifuta macho.

"Si ndoto hii," alisema. "Huyu ni mimi, nyumbani kwetu Kolo. Na wale ng'ombe ni wetu, siku waliyohamishwa."

Yoramu alitoa kalamu mfukoni. "Basi niambie niandike nini."

"Andika: Mwajabu akishona, Kolo."

Aliandika palepale. Mwajabu hakuitaja kabisa habari ya kuzibeba picha. Alikunywa chai, akaswali adhuhuri kwenye mkeka aliotandikiwa, akawahi basi la saa nane.

Mustapha alipomwona amerudi mikono mitupu alifoka. Mwajabu alimsimulia yote, neno kwa neno. Siku ya tatu kaka alikuja kibandani kwa Mwajabu, akashikashika vitambaa.

"Na mimi, hakunichora?"

"Sikutazama zote, kaka. Nenda mwenyewe."

Alikwenda mwezi uliofuata. Aliporudi alisema hayumo, ila ng'ombe wamo wote kumi na wanne, tena wamechorwa sawasawa, isipokuwa pembe za yule dume mwekundu: zile za kweli zilikuwa fupi zaidi.