Bafu la Kioo

Juzi, kwenye ofisi ya wakala wa safari pale mtaa wa Abu Hamour, madamu mmoja wa Kikatari alikuwa akichagua hoteli ya siku nne mjini Paris. Kando yake alikaa yaya wake, Mtanzania, ambaye angelala chumba kimoja na watoto, mkubwa wao mvulana wa miaka kumi na mitatu. Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nakiri nilimwonea wivu yaya huyo kwa safari hiyo.

Wakala, Mkenya, akawageuzia kompyuta. Hoteli ndogo ya kifahari, nyota tano, bafu la kioo kitupu likitazamana na vitanda.

"Kaka, mimi nitaoga wapi?" yaya akauliza.

"Si hapo hapo, dada. Ndiyo fasheni ya huko. Na kuna pazia."

"Linafungwa na kufunguliwa kutoka upande gani?"

Wakala akaikuza picha. "Kutoka nje, upande wa vitanda."

"Hata samaki wa kwenye tangi huwekewa majani ya kujifichia!"

Yaya akamgeukia madamu, akamweleza kwa Kiarabu, kiganja kifuani. Madamu akagonga ukuta mara mbili kwa pete yake: anataka hoteli yenye huu.

Mungu anisamehe, picha ile niliiona vizuri, nikatazama mabomba ya dhahabu tu. Nadhani hata waliozigawa zile nyota tano walilala humo peke yao.